Milioni Moja na Tisa

Bernardine Ndihokubwayo hapendi watu wamsimulie. Amenikataza mara mbili. Lakini minye ni Mama Alliance, nauza sombe, majani ya muhogo, meza moja na yeye hapa sokoni Uvira, mwaka wa kumi na moja sasa, na kama minye sitasema, nani atasema? Yeye mwenyewe ukimuuliza habari zake atakupimia ndagala tu na kukuuliza watoto hawajambo.

Basi nianze na ndagala, hivi visamaki vidogo vya ziwa, maana bila ndagala huwezi kuelewa hesabu zake.

Asubuhi mapema anashuka Kalundu kwa wavuvi, anajaza bassin yake, beseni kubwa, anapanda nayo kichwani, na saa mbili tayari amekaa. Anagawa mafungu. Hahesabu kwa mdomo, mkono wake ndio unajua. Fungu, fungu, fungu, yote sawa. Ukileta mizani utaaibika wewe na mizani yako. Mwishoni chini ya bassin inabaki konzi moja ao nusu konzi, yenye haifiki fungu. Wengine wanaificha chini ya meza hadi kesho. Bernardine hapana. Anaitoa yote. Hiyo ndiyo matabisi, nyongeza ya muteja, na kwetu muuzaji asiyetoa matabisi watu wanamwambaa kama ana ugonjwa. Lakini yeye amezidi. Anaangalia nani amekuja na mimba, nani amekuja na mutoto anakohoa, na anamwagia huyo yote iliyobaki.

"Chenye kinabaki haiko yangu," anasema. "Iko ya muntu mwenye Mungu atatuma."

Mama yake ndiye alimfundisha hivyo kule Mutarule. Alizaliwa kule, na kule ndiko aliachia shule: darasa la sita, wiki tatu mbele ya mtihani wa kumaliza primaire, shule ya msingi. Watu walikimbia, akakimbia nao, na waliporudi shule haikuwa na mabati wala mwalimu. Sitaongeza neno. Kila muntu wa bonde la Ruzizi ana yake, na mimi siko hapa kuliza watu. Bernardine mwenyewe hasemi vita. Anasema tu, "Ilibaki wiki tatu." Akichoka, wiki tatu. Akikasirika, wiki tatu. Hata siku ya arusi ya dada yangu, chakula mbele yake, akaniambia, "Mama Alliance, wiki tatu tu!" Kusema ukweli nilikuwa nimeshiba habari hiyo.

Sasa Jumapili moja padri akatangaza kwamba kwenye sale ya parokia, ukumbi wao wa huko Songo, kutakuwa na masomo ya wamama, mchana baada ya soko. Mwenye ataweza ataandikwa afanye mtihani ule ule wa primaire, pamoja na watoto. Bernardine akanishika mkono katikati ya misa.

"Tunaenda."

"Nani anaenda?"

"Minye na weye."

Nikamwambia minye nilishamaliza kusoma, ujumbe wa simu nauelewa, inatosha. Akanijibu, tena kwa sauti: "Ujumbe wa simu Alliance ndiye anakusomeaka." Ilikuwa kweli, lakini si kila ukweli unasemwa mbele ya Sakramenti. Nikaenda masomoni kwa hasira, nataka mjue hivyo.

Mwalimu wetu aliitwa Libérat, muzee aliyefundisha hesabu maisha yake yote, anavaa koti hata jua la saa nane. Siku ya kwanza, juu kabisa ya ubao, aliandika kwa chaki ya njano namba hii: 1 000 009. Akakataza muntu asiifute. Tulipomuuliza ni ya nini, alitabasamu kidogo.

"Ile ni namba yangu. Mutaijua mukikomaa."

Kufundisha alijua, sitamnyima sifa yake. Lakini yeye na Bernardine waligongana kwenye kugawanya.

"Mama Bernardine, mia mbili makumi tano, gawanya kwa kumi na mbili."

"Makumi mbili."

"Na inabaki ngapi?"

"Haibaki kitu."

"Namna gani? Makumi mbili mara kumi na mbili ni mia mbili makumi ine. Ile kumi iko wapi?"

"Nimeitoa, mwalimu."

"Umeitoa kwa nani?"

"Kwa muteja. Ni matabisi."

Mama yangu weh! Tulicheka hadi Mama Irankunda, mama mmoja mnene wa Kavimvira, akadondoka kutoka kwenye banki, benchi lake. Hata mwalimu alivua miwani akafuta machozi. Lakini juma lililofuata ikawa vilevile, na lililofuata, na mwalimu hakucheka tena. Kwa Bernardine kuandika mabaki ilikuwa aibu, kana kwamba anatangaza mbele ya watu kwamba amebana kitu cha muntu. Alijua kabisa kwamba inabaki. Ila kichwani mwake kilichobaki kilikuwa kimeshatoka mezani, na hesabu imekwisha.

Mwezi wa tano tukafanya mtihani wa kujipima. Maswali makumi mbili, na mengi ni ya kugawanya. Bernardine akapata nane.

Mwalimu Libérat akatusomea majina. Kumi na tatu tulifika nusu. Yeye peke yake hakufika.

"Mwenye hajafika nusu simuandike kwenye liste ya mtihani," alisema. "Wamama wakianguka mingi, watasema sale hii haifai, watatunyang'anya. Mama Bernardine, pole. Mwaka kesho."

"Mwalimu, nijaribu tena."

"Liste ni liste, mama. Jumamosi, kisha wiki mbili, saa sita kamili, pikipiki inaipeleka. Mwaka kesho."

Mwaka kesho! Kwa muntu aliyengoja miaka makumi mbili na minane. Bernardine hakulia. Alifunga daftari lake, akalitia ndani ya kitenge, akatoka, na minye nilimfuata njia nzima.

Kesho yake sokoni akatoa kikopo chekundu. Alipomaliza kugawa mafungu, ile konzi ya mwisho hakuitoa mara moja. Aliitia kwenye kikopo, akaihesabu ndagala moja moja, akaandika daftarini: mafungu thelathini na nane, inabaki kumi na saba. Ndipo akaitoa. Wateja wananung'unika, jua linawaka, yeye anahesabu.

"Bernardine, unatafuta kujua majina yao?" nikamtania.

"Niko nafunza mukono wangu. Kwanza uandike, kisha utoe."

Alifanya hivyo kila siku, wiki mbili nzima. Minye niliona kwa macho yangu haya. Shikeni neno hilo, maana nakuja mahali pa kujiaibisha.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Asubuhi ile ilikuwa salongo mtaani: kila nyumba inatoa muntu na chepe ao fagio, mitaro inasafishwa, na asiyekuja analipa faini. Mwalimu Libérat akamwomba chef wa mtaa atuachilie wamama kumi na tatu wa liste, kwa sababu, alisema, na sisi tuna salongo yetu ndani ya sale. Bernardine akaja pia. Hakualikwa. Akakaa banki la nyuma na fagio lake magotini.

Mwalimu akaonyesha ile namba ya njano.

"Leo mumekomaa. Hii ni milioni moja na tisa. Ni elfu mara elfu, ukiongeza tatu mara tatu. Muangalie vile iko mzuri! Na haigawanyiki. Ni namba tasa. Kama ingekuwa ndagala milioni moja na tisa, musingeweza kuzifanya mafungu yenye iko sawasawa, hata mugawe namna gani. Nilikuwa kijana wa miaka makumi mbili na mbili wakati nilihakikisha, peke yangu, mwezi muzima, kwa kalamu. Leo tutafanya kazi ile kwa asubuhi moja. Mwenye atagawanya hii, swali la inspecteur wa mtihani halitamutisha."

Kutoka nyuma sauti ikasema, "Mwalimu, minye sijaona ndagala yenye inakataa mafungu."

"Utaiona leo," akajibu mwalimu.

Akatueleza. Namba ikigawanyika kwa mafungu sawa, basi ao mafungu yenyewe, ao ndagala za ndani ya fungu moja, lazima hesabu yake iwe chini ya elfu, maana elfu mara elfu tayari ni milioni. Kwa hiyo tujaribu namba za chini ya elfu tu. Tena si zote. Ikikataa mbili, itakataa na nne, na sita, na nane. Kwa hiyo tujaribu zile tasa peke yake. Ziko mia moja makumi sita na nane. Alikuwa ameziandika kila moja kwenye kikaratasi, usiku mbili alikata, akazitia zote ndani ya bassin. Kila mama achote kumi na mbili bila kuangalia.

Mama Irankunda alichota mbili na tano, akacheza mbele ya ubao. Minye nilichota 997. Moyoni nilimtukana mwalimu na sitalificha.

Tulipomaliza kuchota, vikaratasi kumi na viwili vilikuwa bado chini ya bassin. Kumi na tatu mara kumi na mbili ni mia moja makumi tano na sita, hesabu yenyewe ilikuwa na mabaki.

"Na hii yenye inabaki?" akauliza Bernardine.

Mwalimu akatikisa mkono. "Nilishazifanya zote zamani, haigawanyiki kwazo. Uchukue, mama. Ni matabisi yako."

Wote wakacheka. Bernardine akainuka, akaweka fagio chini, akavichukua.

Kazi ilikuwa ngumu. Saa mbili nzima hukusikia ila kalamu na mama mmoja mmoja akiomba rehema ya Bikira Maria. Kila mwenye kumaliza moja anaita, mwalimu anaandika ubaoni. Saba, inabaki tatu. Kumi na tatu, inabaki kumi. Minye 997 yangu ilinipa elfu moja na tatu, na ikabaki kumi na nane. Nilipoangaliwa na mwalimu na kuambiwa "mzuri sana," nilijisikia Waziri. Kila kukataa kwa ile namba mwalimu alikuwa anafurahi zaidi.

Ilikuwa saa tano na nusu wakati Bernardine aliinuka.

"Mia mbili makumi tisa na tatu. Imegawanyika. Haibaki kitu."

Na hapa ndipo nasema aibu yangu. Kicheko cha kwanza kilikuwa changu. Si cha Irankunda, ni changu, Mama Alliance, mwenye alikaa kando ya kile kikopo chekundu wiki mbili. Nikapiga mikono, nikasema: "Bernardine! Umeshawapa wateja tena!" Sale nzima ikavunjika.

Mwalimu hakucheka. Ingekuwa afadhali. Alimwangalia kwa huruma.

"Kaa, mama. Ile niliifanya zamani. Itakuwa ilibaki kitu, umeisahau."

"Sijasahau kitu."

"Mama Bernardine…"

"Sikai!" Sauti yake ilitoka mahali nisipopajua. "Kumi na moja ingine yote nimeandika mabaki yao, iko hapa, uje uangalie! Hii haina. Kama iko na mabaki, uje uyaonyeshe!"

Akatembea hadi mbele, akashika chaki. Akaandika 3 413, chini yake 293, akaanza kuzidisha. Mara tatu: 10 239. Mara makumi tisa: 307 170. Mara mia mbili: 682 600. Akapiga mstari, akajumlisha kutoka kuume, tarakimu moja moja, na sisi tunasoma naye kwa midomo. Tisa. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Hapo hakuna mwenye alikuwa anacheka tena. Sifuri. Sifuri. Moja.

1 000 009.

Chaki ilikuwa nyeupe, na juu yake ile ya njano, namba ni ile ile.

Mwalimu Libérat alikaa. Alifungua mfuko wake akatoa daftari kuukuu lenye jalada limeshonwa kwa uzi, akapekua polepole, akasimamisha kidole. Nilikuwa banki la mbele, niliona. Hapo kwenye 293 kijana yule wa zamani alikuwa ameandika 3 416, inabaki 121. Mwalimu akafuata hesabu yake kwa ukucha. Mahali pa kutoa 1 172 kwenye 1 210, aliandika makumi ine na nane. Ni makumi tatu na nane. Alisahau moja ya kukopa, hakurudi kuangalia, na juu ya hilo alijenga fahari yake yote.

Niliogopa. Wanaume wakubwa wakikosea mbele ya wamama, sisi tunajua kwa kawaida nani anailipa. Lakini yule muzee aliinuka, akavua miwani.

"Banamama, nilikosa. Nimefundisha batoto bongo, uongo mutupu, miaka makumi tatu na moja." Kisha akaanza kucheka, machozi yanashuka, akashika mkono wa Bernardine wenye chaki akautikisa kama wa muntu aliyerudi kutoka safari ndefu. "Iligawanyika! Mama, iligawanyika!"

Nje pikipiki ikapiga honi. Kijana wa kubeba liste alikuwa amefika. Mwalimu akaharakisha mezani, akachukua liste na kalamu.

"Ngoja," akasema Bernardine.

Tukamwangalia wote.

"Usiniandike juu ya aibu yako. Wala juu ya huruma. Nilianguka kwa kugawanya. Unipe ya kugawanya."

"Mama, pikipiki iko nangoja!"

"Inangoja. Nami nimengoja."

Honi tena. Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe. Nilitaka kumwambia chukua nafasi, weye mwanamuke, unapewa na unakataa! Mwalimu akafikiri kidogo.

"Elfu tano, kwa makumi tatu na saba."

Aliifanya ubaoni mbele yetu wote. Hakuharakisha. Akageuka.

"Mia moja makumi tatu na tano. Inabaki tano." Akayachora mabaki, tano kubwa, akaizungushia duara. "Hii hapa."

Liste ilikuwa na mistari kumi na tatu tu, imejaa. Mwalimu akachukua rula akapiga mstari wa kumi na nne chini, akaandika Ndihokubwayo Bernardine kwa herufi kubwa, na Mama Irankunda akatoka mbio na karatasi ile hadi kwenye pikipiki, mwili wake wote, na kwa mara ya kwanza hakuna mwenye alicheka mwendo wake.

Jumatatu sokoni nilimwambia nisamehe. Nilisema yote: kwamba nilikiona kikopo, kwamba nilijua, na bado nilicheka.

"Nimekusamehe," akasema, anagawa mafungu yake. "Lakini ulicheka na mudomo muzima."

"Najua."

"Meno yote ilionekana."

"Bernardine, nimesema nisamehe!"

"Na minye nimesema nimesamehe. Sogeza sombe yako, inamwagia maji ndagala zangu."

Mtihani tulifanya mwezi wa sita, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Katoto kamoja ka kando yangu kaliniambia, "Shikamoo, mwalimu," kakidhani ni minye nasimamia. Matokeo yakatoka mwezi wa saba. Mwalimu Libérat alituletea karatasi mwenyewe, pale sokoni, koti lake limefungwa hadi juu. Minye makumi tano na sita kwa mia. Nilipiga kelele soko lote likageuka. Irankunda makumi sita. Kisha akampa Bernardine yake asome mwenyewe.

Alipangusa mikono kwenye kitenge, mbele na nyuma. Akasoma jina lake. Akasoma pahali pa kuzaliwa. Akasoma chini: makumi saba na mbili kwa mia, amefaulu. Akarudi juu akasoma tena, kidole kinafuata, na muteja mmoja alikuwa amesimama na sahani yake mkononi, hakuthubutu kuuliza bei.

"Basi, mama," mwalimu akasema taratibu. "Umemaliza."

Bernardine akainua macho, ana mshangao wa kweli.

"Nimemaliza nini, mwalimu? Wenye bamemaliza primaire banaendaka wapi?"

"Secondaire," akasema mwalimu.

"Banaandikisha siku gani?"

Mwalimu akanitazama minye, nikatazama sombe yangu. Nilikuwa nimechoka, jamani. Nilikuwa na watoto wanne, bustani, na makumi tano na sita yangu ilikuwa imenitosha kabisa. Wakaandikisha Alhamisi. Nilikuwa wa pili kwenye mstari, nyuma yake.